Futi ya fundi cherehani na mlio wa difu

Gari iliingia gerejini kwangu Jumanne asubuhi ikiwa kimya kabisa. Hilo ndilo neno la kwanza nililoliandika kwenye daftari, hata kabla sijauliza jina la mwenye gari: imeingia kimya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mzee, gari hii imenichosha. Inalia nyuma. Wamebadilisha beringi, bado inalia. Sasa naambiwa nitafute difu nyingine, na nimeshaambiwa iko moja, laki nne na nusu."

Difu ni lile sanduku la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma, linaloyagawia nguvu na kuyaruhusu yazunguke kwa kasi tofauti kwenye kona. Gari yenyewe ilikuwa Toyota Mark II ya umbo la X110, ile inayofanana na Grande tunazoziona kila siku hapa Tabora. Tofauti iko chini ya boneti. Grande nyingi zina injini ya 1G ya lita mbili, isiyo na turbo. Hii ni toleo la iR-V: injini ya 1JZ-GTE, silinda sita katika mstari mmoja, cc 2,491, turbo, farasi 280 kwa kipimo cha Kijapani, gia za mkono, springi zimeshushwa. Mfanano huo wa umbo ndio uliowapoteza waliotangulia. Waliiona Grande, wakaitibu kama Grande. Ninakiandika kisa hiki kwa ajili ya mafundi wenzangu wanaoletewa magari ya namna hii yakiwa yameshapita mikono mitatu Japani na miwili Dar es Salaam, huku mwenye gari mwenyewe hajui ndani kumewekwa nini.

Nilimkalisha kijana kwenye benchi chini ya mwembe nikamhoji kabla ya kugusa spana. Yeye hununua asali huku kwetu na kuipeleka Dar. Gari aliinunua huko, akaiendesha mwenyewe kupitia Dodoma, Manyoni na Itigi, zaidi ya kilomita 800. Dar haikulia. Ilipofika Tabora ilikuwa na mvumo mdogo, na wiki ya pili ikawa kelele ya kumtia aibu mbele ya abiria.

"Kati ya siku ilipokuwa hailii na siku ilipoanza kulia, nini kiliguswa?"

"Hakuna kitu, mzee. Ilianza yenyewe."

Jibu hilo hulipata mara tisa katika kumi, na silikubali hata mara moja. Nikauliza kitu kimoja kimoja. Oili? Hapo uso ulimng'aa: kabla ya safari alimwaga oili zote, ya injini, ya gia boksi na ya difu, na kopo la oili ya difu analo kwenye buti. Breki? Hazikuguswa. Matairi? "Pancha tu, Manyoni. Tairi lilichanika nikanunua lingine la mtumba." Nikaandika: oili ya difu Dar, pancha Manyoni. Nikaendelea na maswali. Jibu la kisa lilikuwa tayari limeandikwa katika mstari huo mmoja, nami sikuliona hadi jioni.

Kisha nikamwambia auigize mlio kwa mdomo. Usione haya kumwomba mteja hilo, kwa sababu neno "inalia" halimwambii fundi chochote, ila mdomo wa mtu aliyeusikia mlio kwa wiki tatu unajua mengi. Akafanya "vuuuuu", akinyanyua sauti polepole. Halafu akafanya "kro-kro-kro-kro".

"Hiyo ya pili inatokea lini?"

"Nikikata kona kuingia sokoni."

"Na ile ya kwanza?"

"Barabara kuu, nikifika sitini na kuendelea."

Kwake ulikuwa mlio mmoja wa nyuma. Kwangu ilikuwa milio miwili, na kuanzia hapo nilikataa kuitafutia dawa moja. Gereji iliyotangulia ilisikia "vuuuu", ikahukumu beringi ya gurudumu, ikabadilisha ya kushoto kwa sababu kijana alisema kelele inatoka kushoto. Siwalaumu kwa kuishuku beringi; nani asiyeishuku? Lakini bodi ya gari hubeba sauti kama ngozi ya ngoma. Mlio unaozaliwa kona moja husikika kona nyingine, na sikio la dereva haliwezi kuwa ushahidi wa kushoto au kulia. Bahati nzuri kijana aliitunza ile beringi ya zamani. Nikaioshea petroli, nikaizungusha mkononi: laini, haina mkwaruzo, haichezi. Alilipia beringi akatoa nzima. Tangu siku hiyo nimezidi kuwasisitiza wateja wadai spea iliyotolewa, maana nayo ni shahidi.

Tukatoka barabara ya kwenda Nzega, mimi usukani, kijana pembeni, mwanafunzi wangu kiti cha nyuma. Kwenye lami iliyonyooka mvumo ulianza kilomita 60 kwa saa, ukawa wazi kwenye 75. Nikiwa kwenye 75 hiyo nikafanya mambo manne, moja baada ya jingine. Nikaongeza mafuta kidogo: mvumo haukubadilika. Nikaachia mafuta gari ikajiendea kwa gia: haukubadilika. Nikakanyaga klachi nikaweka nyutro: vilevile. Hapo difu ilianza kutoka katika orodha ya washukiwa wa mvumo, kwa sababu krauni na pinyoni, zile gia kuu mbili za difu, zikichoka hulia tofauti zinaposukuma na zinaposukumwa. Meno yanashikana upande mmoja ukikanyaga, upande wa pili ukiachia, na sauti hugeuka pale pale chini ya mguu wako.

La nne, nikayumbisha gari polepole, kushoto kisha kulia, barabara ikiwa tupu. Ukielekea kushoto uzito unahamia magurudumu ya kulia, ukielekea kulia unahamia ya kushoto. Beringi mbovu hulalamika inapobebeshwa, hunyamaza inapopunguziwa. Yetu haikujali. Na tulipopita kipande cha lami chakavu, chenye kokoto zilizojitokeza, mvumo ulimezwa ukawa kitu kingine. Lami laini iliporudi, nao ukarudi. Beringi haijui barabara ina kokoto au haina. Tairi linajua.

Kulikuwa na jambo la tatu ambalo kijana hakulitaja kwa sababu alishalizoea. Nikikanyaga mafuta kwa nguvu kwenye gia ya tatu, pua ya gari ilikwenda kushoto. Nikiachia, inarudi. Nilipomuuliza akasema amefanyiwa alaimenti mara mbili, na mara ya pili aliambiwa ni barabara zetu zimeinama kushoto. Ni kweli barabara huinamishwa ili maji yatiririke, na sisi tunaendesha kushoto, basi gari huvutwa kidogo upande huo. Lakini mwinamo wa barabara hauongezeki kwa kukanyaga mafuta.

Tukarudi mjini, tukaingia kwenye uwanja wa wazi tukazunguka kwa gia ya kwanza, usukani umekatwa wote. Kimya. Nikashangaa kidogo. Tukazunguka tena, na tena, na kwenye dakika ya kumi, oili ya difu ilipokwisha pata moto, ikaja: kro-kro-kro, na mtetemo unaopanda hadi kwenye kiti. Mwanafunzi alishuka akatembea kando ya gari, akasema inatoka katikati, si kwenye gurudumu. Nikikanyaga mafuta inazidi. Nikikanyaga klachi na kuiacha ijiviringishe, inapungua karibu kuisha. Na hii ndiyo sababu iliingia kimya asubuhi ile: alikuwa ametoka nyumbani, difu ya baridi, hajakata kona kali hata moja.

Gerejini tukainua nyuma yote juu ya stendi. Hapa naomba nisimame, kwa sababu mwanafunzi wangu alitaka kuinua gurudumu moja tu kwa jeki, awashe gari, aweke gia, asikilize kwa bisibisi iliyowekwa sikioni. Kwenye Grande ya kawaida watu hufanya hivyo kila siku, gurudumu lililo hewani likazunguka na lililo chini likatulia. Kwenye difu inayojifunga, gurudumu lililo chini nalo linapokea nguvu. Gari inaruka kwenye jeki na kuondoka, na aliyeinama nyuma yake ndiye wa kwanza kuumia. Kama hujui ndani ya difu kuna nini, usiwashe gia na gurudumu moja likiwa ardhini. Usiwashe kabisa.

Na tulikuwa bado hatujui. Gia nyutro, handibreki imeachiwa, matairi ya mbele yamewekewa mawe. Nikamwambia mwanafunzi azungushe gurudumu la kushoto kwa mkono kwenda mbele. Kwenye difu ya kawaida la kulia lingerudi nyuma. Hapa lilikwenda mbele pamoja nalo, propela, ile shafti inayoleta nguvu kutoka gia boksi, ikizunguka pia, na lote kwa uzito, kama kugeuza jiwe la kusagia. Tulipozuia la kulia, la kushoto lilihitaji mikono miwili na goti. Mshiko wa namna hiyo, gari ikiwa haina mzigo wowote, ni dalili kubwa ya difu ya LSD, yaani ile inayojifunga, ya aina yenye sahani: pakiti za sahani ndogo zilizobanwa, nusu zimeshikana na ekseli, nusu na nyumba ya difu, zikisuguana kila gurudumu moja linapotaka kuliacha jingine. LSD nyingine, kama Torsen, hufanya kazi kwa gia tupu, hazina sahani za kusuguana. Ukikuta moja usidhani umekuta nyingine.

Nikamwambia kijana alete lile kopo. Oili nzuri, daraja la GL-5, uzito wa 80W-90, haikuwa feki. Kwa Grande ningeimwaga mwenyewe bila wasiwasi. Lakini GL-5 ni ahadi kuhusu meno ya gia, kwamba oili itastahimili mgandamizo mkubwa. Haisemi kitu kuhusu sahani. Sahani zinahitaji oili yenye dawa inayozifanya ziteleze taratibu badala ya kushika, kuachia, kushika, kuachia. Huko kushika na kuachia ndiko kulikokuwa kro-kro-kro. Kopo la oili yenye dawa hiyo huandikwa LS, au LSD. La kijana halikuandikwa.

Kama ningeishia hapo ningekuwa na jibu zuri na lisilotosha. Difu za sahani hukwaruza kidogo zikipewa oili isiyofaa, sawa, lakini yake ilianza kelele hiyo ndani ya wiki mbili, na nilipolegeza nati ya chini na kukinga oili kwenye beseni, ilitoka nyeusi, inanuka kuungua, imebeba vumbi la kijivu linalometa. Oili ya wiki tatu! Niliisugua kati ya vidole. Vumbi laini kama unga, hakuna vipande, na sumaku ya nati ilikuwa na uji wa chuma tu, bila kigae cha jino. Meno yalikuwa salama. Lakini sahani zilikuwa zimefanya kazi ya miaka kwa siku ishirini, na oili peke yake haielezi hilo.

Mwanafunzi ndiye aliyeona. Alikuwa amefungua matairi ya nyuma, akayaegemeza ukutani yamegusana, akaniita. "Fundi, hili refu." La kulia lilizidi la kushoto kimo kwa upana wa kidole gumba. Juu ya gari huwezi kuona, ukisimama kulia unaliona la kulia tu, ukipita nyuma bampa imeficha nusu ya juu. Nikaenda kwa jirani yangu fundi cherehani, nikaazima futi yake, tukazungushia kila tairi kiunoni. La kushoto: sentimita 197. La kulia: 205.

Tukasoma namba. La kushoto 225/45R17. La kulia 225/50R17. Aliyemuuzia kule Manyoni aliona 225 inafanana, akaona 17 inafanana, likaingia kwenye rimu. Ile namba ya katikati haikusomwa na yeyote, nami ni mmoja wao, kwa kuwa nililizunguka gari asubuhi nzima. Namba hiyo ni kimo cha ubavu wa tairi kwa asilimia ya upana. Arobaini na tano ya 225 ni milimita 101. Hamsini ni 112 na nusu. Ongeza kwamba la kushoto lilikuwa limelika, unapata zile sentimita nane.

Tulikaa na daftari tukapiga hesabu, kijana akiangalia. Katika kilomita moja, tairi la sentimita 197 linazunguka mara 507 na ushei. La 205 linazunguka mara 487 na ushei. Tofauti ni mizunguko 20 kila kilomita, hata barabara ikinyooka kama reli. Sasa linganisha na kona. Umbali kati ya magurudumu ya nyuma ni karibu mita moja na nusu, kwa hiyo gari likizunguka duara kamili, gurudumu la nje linatembea mita tisa na kitu zaidi ya la ndani, yaani kama mizunguko mitano ya tairi. Kila kilomita aliyoendesha mbele bila kukata kona, difu yake ilisugua kama ya gari lililozungushwa duara kamili mara nne. Tangu Manyoni alikuwa amekwenda kilomita kama 1,400. Alikuwa akiandika kilomita za kwenye dashibodi kila anapojaza mafuta. Hiyo ni mizunguko 28,000. Kijana alinyamaza, akaichukua kalamu, akairudia hesabu mwenyewe.

Kwenye difu ya kawaida makosa hayo yangezungusha gia ndogo za kati tu, polepole, na huenda asingesikia kitu kwa muda mrefu. Kwenye sahani, ni moto. Akikanyaga mafuta difu inajifunga zaidi, magurudumu mawili yanalazimishwa kwenda sawa ilhali moja ni kubwa. La kulia linakwenda mbali kuliko la kushoto, na pua ya gari inasukumwa kushoto. Alaimenti mbili za bure. Akiachia, difu inalegea, gari inarudi. Na pale difu isipokubali kuteleza, tairi ndilo linaloteleza, tena lile dogo lililochakaa. Nilipitisha kiganja juu ya tairi la kushoto: ukienda mbele laini, ukirudi nyuma linakwaruza, vitalu vyote vimelika upande mmoja kama meno ya msumeno. Tairi la meno ya msumeno huvuma.

Hata hivyo sikutaka kuliamini kwa kiganja tu. Nikahamishia tairi lile mbele, upande ule ule wa kushoto, la mbele likaja nyuma, tukaendesha kilomita tano. Mvumo ulihamia chini ya miguu yangu. Nyuma kukawa kimya. Ndipo nilipoandika: beringi haina kosa, difu haina kosa la mvumo.

Kuna washukiwa wengine niliowapitia haraka nisiowaeleza kwa kirefu: raba za kushikia difu zilikuwa nzima (zingekufa, angesikia kishindo kila akikanyaga na kuachia mafuta), sivi jointi hazikuchezacheza, bati la kukinga vumbi halikugusa diski, na bomba la ekzosi lilikuwa mbali na kila kitu. Magari yaliyochezewa huwa pia na bushi ngumu badala ya raba, na hizo hupitisha ndani kila sauti ya difu hata ikiwa nzima. Yake zilikuwa raba za kiwanda.

Shauri la kununua difu ya mtumba tuliliacha hapo hapo. Angelipa laki nne na nusu, angefunga difu nyingine juu ya tairi lile lile, na kwa oili ile ile. Kufungua difu ili kuangalia sahani nako nilikataa: sahani zake Tabora hazipatikani, oili haikuwa na vipande, na nyumba ya difu ikishafunguliwa vipimo vya krauni na pinyoni lazima viwekwe upya kwa uangalifu. Nikaona heri kuzipa sahani nafasi.

Matairi mawili mapya, aina moja, 225/45R17, yalikuja kwa basi kutoka Mwanza. Oili ya LS ilitoka Dar, kopo mbili, na gari halikuondoka mpaka zilipofika, siku nne. Tulijaza lita moja na kidogo, hadi ilipolingana na tundu la kujazia, kisha tukaenda uwanjani tukachora namba nane kwa gari, polepole, mara ishirini, ili oili mpya iingie katikati ya sahani. Baada ya kilomita 500 akarudi, tukaimwaga hiyo tukajaza kopo la pili. Ya kwanza ilitoka ya kahawia. Haikunuka.

Mvumo ulikwisha siku tulipofunga matairi. Kuvuta kushoto kukaisha siku hiyo hiyo, bila alaimenti. Mkwaruzo wa kona haujaisha wote: asubuhi hausikiki, mchana difu ikiwa ya moto, akikata kona ya kuingia sokoni, bado unakuja kwa mbali, kro moja au mbili. Nilimweleza wazi kwamba sahani zilizolika haziwezi kurudishwa na oili. Kabla hajaondoka niliinua gurudumu moja, gia nyutro, la pili likiwa ardhini, nikapima kwa spana ya toki nguvu inayotakiwa kuuvunja mshiko wa difu: 60 Nm. Nimeiandika na tarehe na kilomita. Tumekubaliana arudi baada ya kilomita 5,000 tupime tena. Ikiwa imeshuka sana, tutaagiza sahani.